Dashibodi ya Mama

Boti yetu huishi Nakuru, katika mtaa wenye mbwa wengi na maji ya mfereji ya kubahatisha. Imekaa juu ya trela kati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo, na siku za kufua sketi za mke wangu hupepea juu yake kama bendera za nchi isiyo na jeshi la majini. Majirani wamekwisha kusema yote. Kwamba mimi ni Nuhu aliyechelewa. Kwamba nilisikia ziwa letu linapanda na kumeza nyua za watu, nikaamua badala ya kulifuata nilingoje mlangoni. Ukweli ni mdogo kuliko hayo. Ziwa la Nakuru ni la magadi na limezungushiwa ua wa hifadhi ya wanyama. Boti tunaikokota kwa pikapu hadi Naivasha, nyuma ya malori ya kabichi, na kila kituo cha polisi njiani wananiuliza kama nimepotea njia ya Mombasa.

Wenzangu wakifika umri huu hununua ekari mbili Kabazi wakapanda viazi. Mimi nilinunua boti ya faiba yenye injini nyuma, kutoka hoteli moja ya kando ya ziwa ambayo gati lake lilikuwa limezama, na niliinunua ilhali sijui kuogelea. Nilijiambia mwandishi anahitaji mahali pa kuwazia. Kumbe nilikuwa nimemnunulia mama yangu.

Mama aliletwa ziwani siku ya kwanza ili aiombee boti, maana kwetu hata redio mpya haiwashwi kabla ya kuombewa. Aliomba kwa kirefu. Alipofumbua macho alitazama dashibodi, akauliza mishale ile ni ya nini. Nikamwonyesha: huu ni wa mizunguko ya injini, huu wa joto, huu wa presha ya maji yanayoipoza, huu wa chaji, huu wa mafuta. Alinisikiliza kama mtu anayesomewa majina ya jamaa zake. Kisha akasema, "Leta nishike."

Ilinipasa kukumbuka. Mama alikuja Nakuru kutoka magharibi akiwa mke kijana, akimfuata baba aliyekuwa mtu wa reli, na baada ya kuchoka kungoja mume na treni akajitafutia kazi katika kiwanda cha pareto. Alianza kwa kumwaga maua kwenye vikaushio. Akaishia katika chumba cha mashine, mbele ya ukuta wa chuma uliojaa geji za mishale, kwenye kiti kinachozunguka. Hakuna mwingine katika ukoo wetu aliyewahi kupewa kiti kinachozunguka. Kazi yake ilikuwa kutazama tu, na aliitazama kazi hiyo mpaka akastaafu. Alikuwa na sheria moja ambayo sisi watoto tuliijua kabla ya amri kumi: asiyeona geji asiguse mashine. Aliwahi kumwinua kitini rafiki yake wa kufa na kuzikana kwa sababu alikuja zamu bila miwani. Walisameheana, lakini rafiki hakukaa.

Basi mama akawa dereva wetu. Boti za aina hii zina kamba nyekundu ambayo dereva hujifunga mkononi; akitupwa majini, kamba inachomoka na injini inazima. Mama aliivaa kama bangili. Alifunga kitambaa chake cha kanisa mafundo mawili, akakaza taya, akasukuma mkono wa mafuta mbele hadi pua ya boti ikainuka, na mimi nikajikuta nimekumbatia kikapu cha chai. Akina mama wa kanisani walikuja kwa zamu kushuhudia. Wengine waliokoka upya.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, hadi siku ambayo magugu maji yaliziba tundu la kuingizia maji kwenye injini. Joto likapanda. Geji ya joto ilikuwa kuukuu, imefifia kwa jua, upana wake kama kizibo cha chupa ya soda. Mama hakuona mshale ukipanda. Hata mimi sikuona, kwa sababu nilikuwa nikimenya yai. Tulipata habari kutoka kwa moshi. Wavuvi walituvuta hadi ufukweni wakituchekea kwa adabu. Tulipofika mama alijifungua ile kamba nyekundu, akaiweka mapajani pangu.

"Mimi sasa ni mzigo," akasema. "Unipange pale na kikapu."

Tulimpeleka kwa daktari wa macho. Habari ilikuwa nusu nzuri. Ya mbali anaona vyema kwa umri wake, na kweli humwona kiboko kabla sijamwona mimi. Ila sehemu ya katikati ya jicho imechakaa, na vitu vidogo vya karibu, kama herufi na nambari, vinayeyuka kama sukari ndani ya chai. Miwani haingeurudisha uwezo huo. Mama alimshukuru daktari na tangu siku hiyo hakugusa usukani, hata boti ikiwa uani juu ya trela. Mke wangu alimwambia kwamba boti si kiwanda. Mimi nikamwambia ningekaa kando yake nimsomee geji zote. Akatuuliza kama sheria ni ya kiwanda au ni ya mashine.

Nilitaka jambo moja tu, mama arudi kwenye kile kiti. Kwa kuwa habembelezeki, kulikuwa na njia moja. Ilibidi dashibodi ibadilike hadi aione kwa macho aliyobaki nayo.

Mtu wa vitabu akipata tatizo la waya, huenda kusoma. Nilisoma mpaka nikaanza kuota kwa michoro. Nilijiunga mtandaoni na kundi la wazee wa nchi za baridi ambao hulala wakifikiria boti zao, wakanishauri niachane na geji, nichukue kioo kimoja cha kisasa kinachoonyesha kila kitu kwa nambari. Kioo kilifika. Nilikiunganisha na betri sebuleni, nikachagua ukurasa wa nambari kubwa, na ikatokea nambari moja ya manjano yenye ukubwa wa mkate wa nusu. Nilimwita mama. Alisogea, akainamisha kichwa.

"Naona nambari," akasema.

Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nilimweleza jinsi kioo hicho kinavyoweza pia kuonyesha kina cha maji na mahali samaki walipo, akaniuliza kama samaki wameombwa ruhusa.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa Naivasha. Nilikuwa nimekifunga kioo kwa gundi na skrubu mbele ya kiti chake. Jua la saa tano lilikuwa juu ya mlima Longonot na juu ya kila kitu kingine. Niliwasha injini, nikampisha mama atazame. Alitazama kwa muda mrefu.

"Namwona bibi mmoja mwenye kitambaa cha kanisa," akasema. "Sasa sijui, joto lake ni ngapi?"

Kioo kilikuwa kimegeuka kioo cha kujitazamia. Nilikipandisha mwanga hadi mwisho, nikakikinga kwa kofia yangu, kisha kwa mwili wangu, na hapo nambari zilionekana, ila zilikuwa zikirukaruka kila sekunde, na mama alikuwa akitazama mgongo wangu. Akasema kiwandani yeye hakuwahi kusoma nambari. Nambari zilikuwa za mkaguzi. Yeye alitazama mshale umelala wapi. Akarudi kwenye kikapu. Kioo hicho sasa kiko jikoni kwetu na kinatuonyesha saa.

Basi tukarudi kwenye mishale. Mama mwenyewe alitaka geji kubwa kama sahani, na ilinibidi nimpimie kwa sahani za nyumbani, moja baada ya nyingine juu ya dashibodi, ili aone kwamba mbili tu zingetosha na hapangebaki mahali pa usukani. Aliniambia nihamishe usukani. Mwishowe tulikubaliana geji tano za ukubwa wa mdomo wa kikombe cha chai, uso mweusi, mshale mnene mweupe. Ziliagizwa, zikaja kila moja ndani ya boksi lake na harufu ile ya kitu ambacho hakijawahi kuguswa na mtu. Nilizifungua zote usiku huohuo. Moja niliiweka kando ya kitanda. Mke wangu alisema katika ndoa yetu yote hakuwahi kutazamwa hivyo.

Bamba la zamani la dashibodi, la plastiki, lilikuwa limepasuka na kujaa matundu ya skrubu za watu waliotangulia. Jipya nilikwenda kulitengenezesha mtaani Rhonda, kwa fundi ambaye kazi yake ni kuvalisha dashibodi za magari ya abiria. Mama naye alikuja, akisema hataki kuletewa tena runinga. Fundi alikuwa mtu wa sauti kubwa, mwenye imani na mkono wake. Alitutangazia kwamba boti na gari ni kitu kimoja, zote zinaenda mbele. Alipendekeza manyoya mekundu kuzunguka usukani, na spika mbili.

"Na hapa chini, mathe, tunaweka taa za bluu," akasema. "Mkipita, hata samaki watajua."

"Samaki wajue nini?" mama akamwuliza. "Ni mimi ndio nijue."

Fundi alicheka hadi akaketi juu ya tairi. Baada ya hapo walielewana vizuri kuliko nilivyoelewana na yeyote kati yao. Alikata bamba la alumini, akatoboa matundu matano mstari mmoja. Mama alichagua rangi: nyeusi isiyong'aa, kama ubao wa shule, ili jua lisipate pa kushika. Fundi aliumia kidogo. Alisema hajawahi kutoa kazi isiyong'aa, nami nikamwona akilipangusa bamba kwa siri mara ya mwisho, akitumaini.

Kufunga waya nilisema nitafunga mwenyewe. Sielewi ni nini huwapata wanaume waliosoma fasihi wanapoona koleo. Nilifungua dashibodi ya zamani nikakuta waya za vizazi kadhaa, nyekundu zilizoungwa na za kijani, kijani zilizoungwa na matumaini, na katikati kiota cha panya aliyeishi vizuri. Nilizing'oa zote. Nilianza upya, nikaandika kila waya jina lake kwenye kipande cha plasta ya kidonda, nikawa na furaha ambayo kuandika hakujawahi kunipa, kwa sababu waya ukikosewa hukuambia papo hapo. Nilibonyeza honi, pampu ya kutoa maji ikaanza kunguruma. Nilibonyeza pampu, taa ya nyuma ikawaka. Nilizima taa, honi ikalia na haikunyamaza mpaka nilipong'oa betri, na mbwa wa mtaa mzima walikuwa wamejibu.

Lakini ikafika jioni moja nikageuza ufunguo na kila kitu kikatii. Mishale mitano iliruka pamoja, ikatetemeka, ikatulia kila mmoja mahali pake. Mke wangu alisimama na beseni la nguo. Jirani aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta alipiga makofi, akaita wengine, nami nikazima na kuwasha tena kwa ajili ya waliochelewa. Mama aliletewa kiti. Alisogea karibu, akarudi nyuma, akasogea.

"Mishale naiona," akasema polepole. "Ila iko kila mahali. Huu umelala huku, ule kule. Nitajuaje upi mzima na upi mgonjwa bila kusoma nambari zake?"

Nilimwambia angezoea. Aliinuka akarudisha kiti ndani mwenyewe, na kwa mama yangu hiyo ni hukumu iliyoahirishwa.

Sasa, geji hushikwa kwa nyuma na kipande cha chuma na nati mbili ndogo. Spana yangu haikuingia pale nyuma, na kwa furaha ile nilizikaza kwa vidole, nikajiambia vidole vya mwandishi vina nguvu zisizojulikana. Tukaondoka Nakuru asubuhi na boti nyuma yetu. Kuna matuta mengi kati ya Nakuru na Naivasha, na kwa kila tuta trela iliruka mara mbili, mara moja yenyewe na mara ya pili kwa hasira. Tulipofika ziwani nilitoa turubai, nikaona geji zangu zimejizungusha ndani ya matundu yake. Moja ilikuwa imeinama kushoto, nyingine kulia. Ile ya joto ilikuwa imelala ubavu kabisa, maandishi yake yakipanda kama siafu ukutani. Bamba lilifanana na wazee waliosinzia kwenye mkutano.

Nilitukana kimoyomoyo, lakini siku ilikuwa nzuri mno kurudi. Mke wangu alibaki ufukweni na simu yake, tayari kutuma picha kwa kikundi cha akina mama. Mama alivaa jaketi la kuokolea, akaketi nyuma pamoja na kikapu. Nilijifunga kamba nyekundu, tukatoka polepole kati ya magugu hadi maji yaliyo wazi, pale mabanda ya maua ya ng'ambo yanapong'aa kama bati jipya. Nikasukuma mkono wa mafuta. Injini ikapata joto lake la kawaida, sauti ikatulia. Nilikuwa nikizitazama geji zile zilizopinda, nikipanga jinsi ya kumlaumu fundi, mama aliponigusa begani.

"Huo mmoja umesimama."

"Upi?"

"Wa pili. Umesimama wima kama askari. Hiyo mingine imelala ovyo."

Nikatazama. Ilikuwa geji ya joto, ile iliyogeuka ubavu. Kwa kuwa ilikuwa imepinda, joto zuri la injini, ambalo kwa kawaida huuinamisha mshale upande, sasa lilikuwa limeusimamisha wima kabisa. Nikaanza kuomba radhi, kwamba geji hiyo imeharibika njiani, maandishi yake yamelala, nitainyoosha tukifika nyumbani.

"Nani anasoma maandishi?" akasema. "Maandishi yalale kama yamechoka."

Kisha tukaitazama geji ile wote wawili, boti ikiendelea kukimbia. Mama hudai hadi leo kwamba yeye ndiye aliyewaza kwanza. Mimi husema ni mimi. Ninayeandika ni mimi, kwa hiyo niseme tu tuliwaza pamoja: kama mmoja unaweza kusimama ukiwa mzima, mingine nayo inaweza. Igeuzwe yote, kila geji ndani ya tundu lake, mpaka injini ikiwa na afya mishale yote isimame wima. Hapo hakuna cha kusoma. Unaitazama kama watoto wa shule waliopangwa kwa gwaride. Anayeinama ndiye mgonjwa.

Sikumbuki kuwahi kufurahi vile nikiwa nimelala chali. Kwanza niliendesha kwa mwendo tunaoupenda, nikaweka alama ya kalamu kwenye ukingo wa kila geji, pale mshale ulipokuwa. Nikazima injini. Nikajiingiza chini ya dashibodi kichwa mbele, miguu nje, boti ikiyumba, nikalegeza nati moja moja na kuzungusha. Mama aliinama juu akiniongoza. Kidogo kulia. Si huko, kulia kwangu. Umepitisha. Ndege mmoja, mwari, alielea karibu akitutazama kama mkaguzi. Spana iliyokataa kuingia nyumbani iliingia sasa, kwa sababu nilikuwa nimelala upande mwingine, na nikazikaza nati mpaka kidole kikatoka damu.

Nilipoibuka niliwasha injini, nikairudisha kwenye mwendo wake. Mizunguko, joto, presha ya maji, chaji: mishale minne myeupe ilipanda juu ya ubao mweusi na kusimama sambamba, kama uzio ulioshindiliwa na mtu makini. Nilipiga kelele. Mama hakupiga. Aliniamuru nipunguze mwendo niache boti ielee huku injini ikinguruma, na nizigeuze tena geji ili kwa muda mishale isimame wima kwa mwendo huo mdogo.

"Sasa haribu," akasema.

Sikumwelewa. Akaeleza kwamba kiwandani msimamizi alikuwa akienda nyuma ya ukuta na kufunga koki moja kwa siri, kisha anahesabu pumzi zake hadi mtu wa kitini aseme. Asiyesema anaenda nyumbani. Yeye hawezi kukaa kwenye kiti hiki kwa sababu tu mwanawe anafurahi. Niingie tena chini, niharibu kitu, nisimwambie.

Alikaa kwenye kiti cha dereva bila kugusa kitu, mikono juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mimi nikajipenyeza chini. Mitihani yangu mwenyewe sikuwahi kuiogopa hivyo. Nikachomoa waya wa joto.

"Wa pili umeanguka," ikasema sauti juu yangu, kabla sijaushusha mkono.

Nikaurudisha. "Umesimama." Nikachomoa wa chaji. "Wa nne." Nikaubana mpira mwembamba wa presha ya maji, polepole sana, nusu tu. "Wa tatu unainama. Unainama. Haya, umelala." Nikachomoa mizunguko na joto kwa pamoja, akaitaja yote miwili na kuniambia hiyo ni fujo, si ajali. Kisha nikamtega. Sikugusa kitu. Nilingoja kimya nikisikiliza maji yakigonga ubavu wa boti.

"Profesa," akasema hatimaye, "umelala huko?"

Nilitoka nikiwa nimejaa vumbi la panya usoni na tabasamu ambalo sikuweza kulifunga. Nilifikiri tumemaliza. Lakini mama alikuwa akiutazama mwisho wa bamba.

"Na wa tano?"

Wa tano ulikuwa mafuta. Mafuta hayana mahali pa kusimama. Mzima wake ni kupungua. Hata ungeizungusha namna gani, mshale wake ungeshuka tu. Nilimweleza. Akatikisa kichwa taratibu, na nikaiona furaha ikimtoka usoni.

"Basi huo siuoni," akasema. "Naona mshale, sijui unasema nini."

Niliitambua sauti ile. Ni ile iliyomwinua rafiki yake kitini. Nilifikiria kumwambia mafuta si kitu, tuna galoni la akiba, hakuna mtu aliyekufa kwa kuishiwa mafuta Naivasha. Ningekuwa nimempoteza hapohapo. Badala yake nikamwuliza kama kiwandani alizitazama geji zote yeye peke yake, kila moja.

Alifikiri. Mwari akatumbukiza mdomo majini, akauinua, akameza.

"Ile ya tangi la mafuta ya boila ilikuwa nje," akasema. "Ilikuwa na mtu wake. Mvivu sana, lakini alikuwa akija mlangoni kutuambia."

"Akisema, mlikuwa mkimwamini?"

"Tungefanyaje? Tangi lilikuwa nje." Akanitazama juu hadi chini, vumbi, kidole cha damu, shati la heshima lililokwisha. "Basi wewe utakuwa mtu wa nje."

Kisha akanyoosha mkono. "Leta kamba."

Kwanza nilizizungusha geji hadi zile alama za kalamu zikarudi juu, kisha nikaivua kamba mkononi mwangu nikamfunga. Alikaza kitambaa, fundo la kwanza na la pili. Aliigusa mishale kwa macho, mmoja mmoja, akasukuma mkono wa mafuta mbele, na pua ya boti ikainuka kama ng'ombe aliyeitwa. Nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimesahau jinsi maji yanavyogeuka kuwa magumu chini yako, jinsi upepo unavyoingia mdomoni ukijaribu kusema, jinsi furukombe anavyoachia tawi lake akidhani umekuja kugombania samaki. Tulipita mbele ya ufukwe na mke wangu alikuwa mdogo kama kiberiti, akipunga simu. Mama hakupunga. Macho yake yalikuwa mbali, kisha ubaoni, kisha mbali, kama mtu anayekata mboga huku akiongea na wageni. Mimi nilitazama viboko upande wangu na mafuta upande wa mwisho, nikicheka bila sababu.

Tulikuwa tumezunguka kisiwa cha magugu aliporudisha mkono wa mafuta nyuma ghafla, boti ikaketi majini kwa kishindo na chai ikamwagika miguuni pangu.

"Wa tatu," akasema.

Nikatazama. Kweli, presha ya maji ilikuwa imeinama, kidogo tu, kama mtu anayetaka kunong'ona. Ya joto ilikuwa bado imesimama wima, haijapata habari. Nilizima injini, nikaiinua, nikakuta mzizi wa magugu umejikunja kwenye tundu la maji kama kilemba. Ni ugonjwa uleule uliotuletea moshi. Niliubandua, nikamwonyesha. Alitazama upande mwingine kwa unyenyekevu wa uongo ambao sijaona mfano wake.

Tukawasha tena. Wa tatu ukasimama na wenzake. Akaondoka kwa kasi kuliko mwanzo, akielekeza pua kwenye mlima, na nilijua kwamba kama ningemwacha tungefika mwisho wa ziwa na kuingia ndani ya shamba la mtu la maua. Jua lilikuwa limegeuka. Mshale wa tano ulikuwa umeshuka bila haraka, ukiwa peke yake, haumsumbui mtu ila mimi.

"Mama," nikasema, "mafuta yamefika robo."

Hakubishana. Aligeuza usukani palepale, duara moja pana na safi, mishale minne ikiyumba kidogo na kusimama tena, akaelekea ufukweni.

"Unaona?" akasema bila kugeuka. "Ndiyo maana tulikusomesha."